Yowe Lililopita Nyuma ya Nyumba

Cherehani yangu iko Kashaulili, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na kwa miaka mingi nimeshona huku nikisikiliza habari za wauaji. Najua linavyosikika hilo. Mwenzangu tunayeshona naye, mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi na ambaye kwa vifungo hana mpinzani mjini Mpanda, yeye husikiliza mahubiri. Mimi husikiliza vipindi vya kwenye simu, vile vinavyosimulia mauaji ya mfululizo ambayo mpaka leo hayana jawabu. Tulishakubaliana kwamba asubuhi ni ya Mungu na mchana ni wa wauaji, na hatujawahi kugombana.

Wauaji wengi nawajua kama ninavyowajua wateja wangu. Namjua yule wa London ya zamani, aliyewachinja wanawake maskini wa vichochoroni kisha akatoweka, na watu wanaandika vitabu mpaka leo kumtafuta mtu ambaye mifupa yake imeshakuwa udongo. Namjua yule wa Marekani aliyewapelekea wenye magazeti barua za mafumbo. Namjua na yule wa shoka, ambaye watu wa mji wake walipiga muziki usiku kucha kwa sababu ilitoka barua kwamba nyumba yenye muziki ataipita. Hakuna aliyepatikana.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya washukiwa. Msimulizi anateremsha sauti, anasema palikuwa na kinyozi, palikuwa na daktari, palikuwa na muuza nyama mgeni asiyejua vizuri lugha ya pale. Hapo nilikuwa nasimamisha mguu kwenye cherehani na kutoa hukumu. "Ni kinyozi!" Wateja waliokuja kufuata sare za shule nao wanaingilia, huyu anamtetea kinyozi, yule anamtaka daktari, na kazi inalala. Siku hizi bado nasikiliza, ila wakifika kwenye washukiwa nazima simu. Mwenzangu hakuwahi kuniuliza kwa nini, maana anajua yaliyonikuta.

Kwetu ni Mpimbwe, kijiji kimoja mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Usevya. Ni watu wa mpunga na mahindi, na karibu wote ni Wakatoliki tangu enzi za babu zetu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango. Ukitaka kumjua, acha habari za shamba, maana shamba lake lilikuwa la kawaida na magugu yake ya kawaida. Mtazame Jumapili amesimama mbele ya waimbaji, mkono mmoja juu, macho makali. Alikuwa anawafokea kweli. "Fungua mdomo! Unaimba au unatafuna?" Kwaya yetu ilijulikana vigango vyote kwa midomo iliyofunguka kama ya vifaranga vinavyosubiri kulishwa. Padri akija kwetu alikuwa anasema anaona mpaka magego ya waumini.

Mauaji yalianza msimu mmoja wa palizi. Mwanamke alikwenda shambani peke yake, mchana, akakutwa amenyongwa kwa khanga yake. Msimu uliofuata akakutwa wa pili, njia ya kisimani, kwa namna ile ile. Polisi walikuja, wakauliza, wakachukua watu, wakawarudisha. Sina la kuwalaumu. Mahali ambapo njia zote ni za miguu na mvua inafuta nyayo kabla hujarudi nyumbani, hata mimi na vipindi vyangu vyote nisingejua pa kuanzia.

Kisichojulikana hakiwaachi watu wakae. Wa kwanza kunyoshewa kidole walikuwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Wafugaji wakawanyoshea wachoma mkaa. Wachoma mkaa wakasema tazameni wale wa kwenye makazi ya waliokuwa wakimbizi. Nilipomwambia mwenzangu wa cherehani alicheka bila furaha. "Sisi hata mvua ikichelewa ni sisi," alisema, akaendelea na vifungo vyake. Nilimwonea huruma, na bado sikujua kwamba wageni wakiisha watu wanaanza kutazamana wenyewe.

Wa tatu kuuawa alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya ya baba.

Huyo nilimfahamu tangu akiwa mtoto. Baba alimpata kwenye mpunga, akiamia ndege, anaimba juu ya kichanja kufukuza kwelea. Akamleta kanisani akiwa bado hawezi kusoma vitabu vya nyimbo. Alikua pale, akaolewa pale, akazaa watoto wawili, na kila Jumapili alisimama mwisho wa mstari wa mbele, upande wa baba. Alikutwa kijitoni alikokwenda kufua, na aliyemkuta akapiga yowe.

Inabidi nieleze yowe, kwa sababu mjini tumelisahau. Kijijini kwetu ulinzi ni sungusungu, utaratibu tuliopokea kwa Wasukuma na Wanyamwezi tukaufanya wetu. Yowe likipigwa, kila mtu mwenye miguu anatoka. Unaacha jembe, unaacha ugali jikoni, unamwacha mtoto kwa mtoto mwenzake, unakimbilia sauti inakotoka, na ukikimbia nawe unapiga ili wa mbali wasikie. Asiyetoka ana mambo mawili tu: ni mgonjwa wa kitandani, au anajua kilichotokea. Ndivyo ilivyo, na mtoto wa kwetu anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu.

Njia ya kwenda kijitoni inapita nyuma ya nyumba yetu. Siku ile kijiji kizima kilipita pale kinakimbia, wanaume kwa wanawake, na wote walimwona baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake chini ya upenu wa nyuma, amewapa mgongo, anawamba ngozi kwenye ngoma ya kwaya. Watu walipiga kelele nyuma yake, na yeye akaendelea kuvuta kamba. Hata shingo hakugeuza.

Mama alikuwa Usevya gulioni. Aliporudi, watu walishaacha kumsalimia.

Baraza la sungusungu lilikaa baada ya mazishi. Kamanda alikuwa mzee wa Kisukuma aliyehamia kwetu zamani, rafiki wa baba, mtu waliyeazimana naye majembe na mbegu. Alimpa baba nafasi ya kujieleza mbele ya watu wote. Aliinuka, akamsogelea, akamwuliza uso kwa uso kama alisikia yowe.

Baba akasema, "Nilisikia."

"Mbona hukutoka?"

"Nilikuwa na kazi."

Mama anasema wazee walimbembeleza aseme alikuwa anaumwa, aseme alisinzia, aseme chochote. Akarudia yale yale. Wakamtenga.

Kutengwa ni kifo cha polepole. Hakuna kukusalimia wala kukuitikia. Hakuna kukupa moto. Mashine ya kusaga inakurudisha na gunia lako. Ukifiwa utachimba kaburi mwenyewe, na anayevunja amri anatengwa pamoja nawe. Na kwa baba palikuwa na zaidi ya hapo, kwa sababu midomo ilishaanza kuunganisha vitu. Wanawake watatu. Mtu anayejua njia zote. Mtu ambaye wanawake wanamwamini, wanakwenda kwake mazoezini jioni. Hakuna aliyesema kwa sauti, lakini mume wa marehemu alikuwa na ndugu, na ndugu walikuwa na mafuta ya taa majumbani mwao.

Mama alinipigia simu akiwa kijiji cha pili, alikokwenda kutafuta mashine ya kumsagia mahindi. "Njoo," alisema. "Baba yako wamemfanya muuaji, na yeye mwenyewe anawasaidia."

Nilifunga cherehani, nikapanda gari la asubuhi. Barabara ile inapita katikati ya hifadhi, na abiria wageni huwa wanashangilia viboko na twiga dirishani. Mimi nilikuwa nasikia kichwani ile sauti ya msimulizi wa vipindi vyangu, ile anayoiteremsha, ikisema palikuwa na mwalimu wa kwaya. Kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama yule kinyozi niliyemhukumu alikuwa na binti.

Nilifika saa ya jua kali. Baba alikuwa chini ya upenu, amenipa mgongo kama alivyowapa wengine. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikasema, "Baba, shikamoo, ni mimi nimekuja." Hakugeuka, na moyo uliniuma, nikadhani amekasirika na dunia nzima mpaka mimi. Nikasogea. Kivuli changu kilipoangukia mikono yake alishtuka, akainua uso, akatabasamu tabasamu lake lote.

"Mama! Umekuja lini?" aliniuliza kwa sauti kubwa kupita kiasi. Ananiita mama tangu nizaliwe, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Nimefika sasa hivi. Habari za hapa, baba?"

"Mpunga? Mpunga mwaka huu siyo mbaya."

Nilimtazama. Nilikuwa nimeinama kufungua mkoba nilipouliza, hakuwa anauona uso wangu. Nikazunguka nyuma yake nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, nyumba inaungua." Akaendelea kuvuta kamba ya ngoma, anatingisha kichwa taratibu kama mtu aliyeridhika na kazi yake.

Nilikwenda jikoni nikamkuta mama anapepeta mchele. Sikuhitaji kumuuliza. Aliniona tu, akaweka ungo chini, akaanza kulia.

Lilikuwa jambo la miaka mingi. Masikio yalianza kumpotea kidogo kidogo, sauti za juu kwanza. Kila nilipopiga simu mama ndiye alikuwa anasema baba yako anakusalimia, na mimi, mtu wa kuchambua wauaji wa mabara yote, sikuwahi kushangaa kwamba baba haji kwenye simu. Alimwapisha mama kwa rozari kwamba hatamwambia mtu, hata mimi. Kwaya aliiendesha kwa macho. Alijua nyimbo zote kichwani, alisoma midomo, alitazama vifua vinavyopanda na kushuka, na ngoma aliisikia kwa miguu, kupitia sakafu. Ndiyo maana ya kufoka kule kote. Watu walidhani ni ukali wa ualimu, kumbe mzee alikuwa anatafuta kuona.

"Anaogopa watamwondoa kwenye kwaya," mama aliniambia. "Nimemwambia kwaya siyo roho yako. Hataki."

Hasira niliyoipata siwezi kuipunguza hapa ili nionekane binti mwema. Nilitoka nikasimama mbele yake nikamwambia kwa midomo mipana kama waimbaji wake, "Unataka kufa kwa ajili ya kwaya?" Alinisoma vizuri kabisa. Aliinamisha macho kwenye ngoma, na mtu asiyesikia akiinamisha macho mazungumzo yameisha.

Jumapili nilikwenda naye kanisani. Kanisani hawawezi kumkataza mtu kuingia, ila benchi tulilokaa sisi watatu lilibaki letu peke yetu. Ilipofika mahali pa kupeana amani, watu waligeuka kushoto na kulia wakishikana mikono, na mikono ikaishia benchi moja kabla ya letu. Katekista alitutazama akiwa madhabahuni, akatazama sakafu. Simlaumu, ana watoto wanaokula unga wa mashine ile ile. Baba alininyoshea mkono mimi, kisha mama, akasema "Amani ya Kristo" kwa sauti kubwa mno, na watu wakadhani ni jeuri. Mbele kwaya ilikuwa inaimba bila mwalimu, na mwisho wa mstari wa mbele waliacha nafasi wazi.

Jioni, jua bado liko juu, nilikwenda kwa kamanda. Hakutakiwa kunisikiliza, kwa hiyo nilisimama nje ya ua wake nikajifanya naongea na ng'ombe zake. Niliwaeleza ng'ombe kila kitu. Yeye alikuwa amekaa na kigoda chake upande wa pili wa miti ya ua, hakuniitikia hata mara moja, ila niliona amevua kofia.

Nilipomaliza, naye akaongea na ng'ombe.

"Nyie ng'ombe," alisema, "huyu mwenzangu nimelima naye. Siku ile nilipomwuliza, niliomba Mungu aseme uongo. Sasa nasikia kwamba alisema uongo, lakini uongo wenyewe si ule niliouomba." Alisogeza kigoda karibu na ua. "Nikisimama niseme binti yake kanieleza, watu watasema wamepanga nyumbani kwao. Kila mtu akibanwa anaweza kuwa kiziwi. Watu waone wenyewe."

Alinieleza alichofikiria, na nikaelewa kwa nini amevua kofia. Alitaka kupiga yowe la uongo. Kwetu hilo ni kosa ambalo halina msamaha, kwa sababu kijiji kikidanganywa mara moja, siku ya kweli kitasita. Aliyeiweka sheria hiyo ni yeye mwenyewe, alipokuwa anatufundisha sungusungu.

Baraza liliitwa kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga, mashine imezimwa. Baba akakalishwa mbele, akimtazama kamanda, watu wote nyuma yake. Mimi na mama tulikaa pembeni. Baba hakujua lolote. Nilitaka kumwambia, lakini angejua angegeuka. Kamanda alianza kusoma mashitaka upya, polepole, na baba alikuwa anamtazama mdomoni kama mwanafunzi.

Yowe lilitoka nyuma ya ghala. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa mke wa kamanda mwenyewe, na sauti ile nilipoisikia, mimi niliyejua, miguu yangu iliinuka bila ruhusa yangu, mama akanivuta nikakaa. Uwanja ulilipuka. Mabenchi yalianguka, wanaume walishika marungu, wanawake walipiga mayowe wakiita majina ya mabinti zao, na mume wa marehemu, yule maskini, alikimbia huku akilia kabla hajajua analilia nini. Vumbi lilifunika mahali pote.

Baba alikuwa amekaa. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa kamanda, uliokuwa umefungwa, na alikuwa anasubiri kwa adabu neno linalofuata.

Watu walianza kusimama mmoja mmoja. Waligeuka kumtazama mgongo wake, ule mgongo waliouona siku ile wakikimbia. Kelele zikafa. Nadhani ni vumbi lililomfikia ndilo lililomfanya ageuke. Aliona mabenchi yameanguka, aliona nyuso zimelowa machozi, akainuka haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Nani tena?" alipiga kelele. "Nani tena?"

Alinitafuta mimi kwa macho, akaona kwamba nimekaa, akaona na kamanda hajaondoka mahali pake, na akaelewa. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukizeeka vile. Kamanda alikwenda akamwokotea kiti, akamshika mkono mbele ya watu, akasema shikamoo ingawa wao ni rika moja. Kisha akawaambia watu kwamba yowe lilikuwa la uongo, kwamba aliyeagiza lipigwe ni yeye, na kwamba mbuzi wa faini ya kosa hilo atamleta mwenyewe kesho. Alimleta. Mbuzi akaliwa, na hakuna aliyemtania kamanda.

Nilidhani nimemwokoa baba. Na nilikuwa nimemwokoa, maana jioni ile ile watu walijaa kwetu. Waliingia na kuku, na unga, na aibu. Ndugu wa marehemu walikuja pamoja, wakakaa chini kwenye mkeka ingawa viti vilikuwepo, na mkubwa wao akamshika baba magoti. Waimbaji walikuja wote. Mama mmoja wa sauti ya pili alisimama mbele yake, akafungua mdomo mpaka magego, akasema, "Mwalimu, utaturudia." Watu walicheka na kulia pamoja. Wakasema watamwekea mtu wa kumpa ishara, watafanya lolote, kwaya ni yake.

Baba aliwashukuru wote. Akasema hapana.

Walimbembeleza, kisha wakatuachia sisi tumbembeleze. Kesho yake asubuhi nilimfuata chini ya upenu. Safari hii alikuwa amegeuza kiti, ameelekea njia. Nikachuchumaa mbele yake aone uso wangu.

"Baba, hakuna aliyekuondoa. Wamekuja wenyewe. Sasa unaogopa nini?"

"Unadhani nilisema 'nilisikia' kwa sababu ya kwaya," alisema.

Nilikubali kwa kichwa.

"Mama yako naye anadhani hivyo. Mwacheni." Alishusha sauti, au alidhani ameishusha. "Nilipomwona kamanda ananiuliza yowe, niliwaza haraka. Nikisema sikusikia yowe la kijiji kizima, watu watahesabu kinachofuata. Mume wa marehemu atahesabu. Kijito ni pale." Alinyosha mkono. Kutoka kwenye kiti kile unaona majani mabichi ya kijitoni, na mwanamke akipiga nguo kwenye jiwe, mtu mwenye masikio anasikia. "Mimi nilikuwa hapa tangu asubuhi. Karibu kuliko mtu yeyote."

"Baba."

"Yule mtoto alikuwa na sauti ya kusikika mpaka Usevya. Mimi ndiye niliyemfundisha kuitoa. Heri wangedhani nimemuua kuliko wajue kwamba aliniita."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba khanga ikishakaza shingoni hakuna sauti, kwamba pengine hakuwahi kuita, kwamba pengine aliita na upepo ulikuwa unaelekea kwingine. Mambo haya nimeyasikia kwenye vipindi, msimulizi huyataja kwa sauti laini na kuendelea. Lakini hakuna ajuaye. Anayejua ni mmoja, na huyo hajapatikana mpaka leo. Baada ya mavuno yale mauaji yalikoma tu, kama yanavyokoma kwenye habari za mbali, na polisi wanasema jalada liko wazi. Wateja wangu wakijua ninakotoka huniuliza, eti wewe unadhani ni nani. Nawapima kiuno nawaambia wasimame wima.

Baba alikuwa ananitazama mdomoni, anasubiri. Alikuwa anasoma kila kitu, na nisingeweza kumwambia lolote nusu nusu.

"Aliniita?" aliniuliza.

Nilimwambia sijui. Alitingisha kichwa, akaendelea kutazama midomo yangu, pengine kuna neno lingine linakuja.